Mshtarii ya Kadibodi

Fundi miwani hakuwa mwongo. Nalisema hilo mapema kwa sababu ya haya yanayofuata. Ukimpelekea fremu iliyovunjika bawa, atakuambia wazi kwamba hiyo haitengenezeki, ingawa angeweza kuigundisha na kukurudisha nyumbani na furaha ya siku mbili. Lenzi ikikwaruzika mkononi mwake, anasema ni yeye aliyeikwaruza. Tabia hiyo aliirithi kwa mama yake, aliyeuza nafaka sokoni tangu ujana hadi magoti yalipomgomea. Kopo la kupimia la mama huyo lilijulikana soko zima. Alilijaza mpaka likaota kilima, kisha akaongeza kiganja kimoja juu yake, na wauzaji wenzake wakamnunia. Yeye aliwaambia kwamba anayepunja kopo hulala na njaa ya mwenzake tumboni.

Kwa jambo moja tu mama huyo alimwona mwanawe mwongo, na jambo lenyewe lilikuwa mbali ajabu. Lilikuwa sayari ya Mshtarii.

Ilianza fundi akiwa bado anavaa kaptura ya shule. Alirudi nyumbani siku moja akasema kuna sayari kubwa kuliko sayari nyingine zote zikiwekwa pamoja, nayo haina ardhi. Ni hewa na mawingu, na ukizama unakuta hewa nzito zaidi, na chini yake nzito zaidi, wala huwezi kufika mahali ukasema hapa nimesimama. Usiku wake na mchana wake havitimizi masaa kumi. Ina dhoruba nyekundu, pana kuliko dunia yetu, inayovuma tangu enzi za mababu. Mama alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Isiyo na ardhi, watu wake wakifa wanazikwa wapi?"

"Hakuna watu, mama."

"Sasa huyo aliyekuletea habari, alisimama wapi?"

Yangeishia hapo yangekuwa mambo ya utoto. Lakini miaka ikapita, mama yake mdogo akaolewa, na kwenye harusi hiyo kijana, ambaye sasa alikuwa anajifunza kusaga lenzi, akashikwa na kiherehere. Akasimama mbele ya ukoo mzima akaanza kuwaeleza wageni habari za miezi ya Mshtarii. Kwamba mmoja una milima inayotapika moto na kiberiti. Kwamba mwingine umefunikwa na barafu, na wataalamu wanaamini chini ya barafu hiyo kuna bahari yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote. Kwamba wa tatu ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi, ila umekubali kuwa mtumishi wa mwenzake. Wajomba wakakonyezana. Mmoja akauliza kama Profesa wa Hewa ameshamaliza ili watu wale. Mama aliona haya, na mtu akiona haya husema neno lililo karibu. Akasimama, akasema, "Samahanini jamani. Huyu mwanangu ni mwongo kidogo, ila ana moyo mzuri." Ukumbi ulicheka hadi bibi harusi akapaliwa na soda.

Jina la Profesa wa Hewa lilimng'ang'ania kama kupe. Yeye mwenyewe alilicheka, maana ukikasirikia utani unaongezewa. Neno la mama ndilo lililomkaa kooni. Akajiapiza kwamba siku moja mama ataweka jicho lake kwenye darubini aone mwenyewe, na mambo yatakwisha.

Darubini akaiunda kwa mikono yake. Alitumia bomba la plastiki la maji, lenzi kubwa aliyoisaga mwenyewe kila jioni baada ya kufunga duka, na miguu mitatu ya mbao kutoka kitanda kibovu. Ilikuwa nzuri, ila haikuwa na mota. Dunia inazunguka, hivyo chochote cha angani hakikai mbele ya lenzi. Kinateleza polepole hadi ukingoni, kinatoweka, na wewe hujamaliza hata kushangaa. Lazima mtu alisukume bomba kidogo kidogo kukifuata. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, ambaye ni msusi mwenye vidole vyepesi kuliko vya fundi. Tangu siku za uchumba wao mambo yalikuwa hivyo juu ya paa: mume anaeleza, mke anasukuma. Majirani walisema kule juu hakuna nyota yoyote, kuna mapenzi tu. Hawakukosea sana.

Mama hakupata kuitazama. Kwanza alikataa kwa ukaidi, kisha mtoto wa jicho akamfunga macho yote mawili. Mwaka huu fundi alimleta kwake, akampeleka hospitali, wakamtoa mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia. Bandeji ilipofunguliwa, mama alimtazama mwanawe kwa kitambo.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema. Halafu akacheka. "Haya. Jicho hili ni jipya, halijaona uongo bado. Nionyeshe hiyo Mshtarii yako kabla sijarudi kwangu."

Fundi alikwenda kazini siku ile akiimba. Mteja mmoja alimuuliza kama amepata mtoto.

Mvua nayo ikaja. Kila jioni mawingu yalitanda kuanzia upande huu hadi upande ule, mazito, yasiyo na hata tundu la sindano. Fundi alipanda juu ya paa, akashuka, akapanda tena. Mama alikaa sebuleni na kilemba chake, akingoja kuitwa. Siku za kwanza aliuliza kwa upole. Baadaye alianza kutania, na utani wa mama huyu una makali. "Kila nikitaka kuiona inajifunika. Labda na yenyewe imeona haya kukosa ardhi." Mama mdogo, yule yule wa harusi, alipiga simu karibu kila siku kuuliza kama dada ameshaonyeshwa, na nyuma ya sauti yake wajomba walisikika wakikohoa vicheko. Fundi alikuwa akisikia ukumbi mzima wa harusi.

Ikabaki jioni moja. Mama alikuwa na tiketi ya basi la asubuhi, na mkoba wake ulishafungwa kamba. Mchana mawingu hayakuwa na dalili ya kuondoka. Hapo fundi, mtu ambaye hajawahi kumuuzia mtu fremu mbovu, akakaa nyuma ya duka wakati wa chakula akafanya jambo la kijinga.

Alichukua boksi la fremu, kadibodi nyeusi, kubwa kama sinia. Katikati akakata tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, akaliziba kwa ile karatasi nyeupe laini ambayo lenzi hufungiwa, akachora juu yake mistari miwili ya penseli ya kahawia, hafifu, kama mawingu ya Mshtarii yanavyoonekana. Kisha kwa keekee nyembamba kabisa ya kutobolea lenzi akatoboa vitundu vinne katika mstari mmoja, viwili upande huu, viwili upande ule. Ndani akaweka tochi. Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yake, kuna ghorofa linalojengwa, halijaezekwa. Kabla giza halijaingia alipanda ngazi za zege zile, akalipachika boksi kati ya nondo, likaelekea kwenye paa lake.

Alikuwa na maneno ya kujitetea, nayo hayakuwa mabaya. Alijiambia kwamba Mshtarii ndivyo ilivyo hasa, mistari ni ile, miezi ni ile. Hadanganyi habari, anadanganya jioni tu. Mbona chati ya herufi dukani haijali imetundikwa ukuta gani, muhimu jicho lione? Ndivyo alivyojiambia. Mtu akitaka kujidanganya hutumia ujuzi wake wote.

Giza lilipoingia akamwita mama. Mkewe alimshika mkono bibi mkubwa kwenye ngazi, akamkalisha kwenye stuli.

"Leo kuna upenyo, mama," fundi akasema. "Mdogo tu, huku chini. Weka jicho hapa, usiguse bomba."

Mama akainama. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Naona duara."

"Ndiyo."

"Lina mistari."

"Ndiyo mawingu yake hayo."

"Na vitoto vyake." Sauti ya mama ilibadilika. "Viwili huku, viwili kule. Vimemkalia mama yao ubavuni. Subhana."

Mkewe alikuwa ameshaweka vidole kwenye bomba, kwa mazoea, bila kufikiri. Akangoja kidogo. "Bado ipo, mama?"

"Ipo."

Akangoja tena, muda ambao kwa kawaida angekuwa ameshasukuma mara mbili. "Haijasogea ukingoni?"

"Isogee iende wapi? Ipo pale pale, imetulia tuli."

Vidole vya msusi vikabaki juu ya bomba, havina kazi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliinua macho akamtazama mumewe gizani, na fundi akaelewa papo hapo alichosahau. Dukani kwake kila kinachotazamwa kimepigiliwa ukutani. Amefanya kazi miaka yote na vitu visivyosogea, na alipoiga mbingu akaitengeneza kama chati.

Mkewe akainama naye, akachungulia. Alipoinuka alisema, "Nimeiona, mama," akarudi nyuma hatua kadhaa, akakunja mikono. Fundi hakupata kuchukiwa na mkewe kabla ya hapo. Aliona ndivyo inavyokuwa.

Mama alikuwa ameshika mkono wa mwanawe. Kiganja chake kilikuwa bado kigumu kwa miaka ya kopo.

"Keti," akasema. "Nina neno. Siku ile ya harusi nilikuita mwongo mbele za watu. Nilifanya hivyo kwa sababu walikuwa wanakucheka na mimi niliona aibu. Nilijua nimekuumiza. Nilikuona ulivyoshika sahani yako bila kula. Ila nilisema, mbona na mimi sijaona? Mtu atanunuaje asichokiona? Sasa nimeona. Wewe hukuwa mwongo. Mwongo nilikuwa mimi niliyesema nisilolijua. Nisamehe, mwanangu."

Fundi alifungua kinywa. Kweli alikifungua, nisimsingizie. Maneno yalikuwa pale, machache tu: mama, ile ni kadibodi. Lakini mama alikuwa ameshatoa simu kwenye khanga, anaibonyeza kwa kidole kimoja, na mama mdogo akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Nimeiona," mama akasema. "Sikiliza. Nimeiona kwa jicho langu. Miezi minne, miwili huku, miwili kule, imetulia tuli. Yule mtoto alisema kweli na sisi tulimcheka. Waambie hao ndugu zako. Waite wote, kisha unipigie, niwaambie mwenyewe."

Akakata simu, akaketi akipumua kama mtu aliyetua gunia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wakati mwingine huwa na watu wengi. Fundi alitazama sakafu ya paa. Alikuwa amelitaka neno lile miaka yote, nalo limekuja, na hakuwa na mahali pa kulipokelea. Aliona aibu iliyomshika hadi mgongoni.

Upepo ukaanza kuvuma. Hakuna aliyeutilia maanani, hadi mama alipoinua uso upande wa pili, juu kabisa, ambako mawingu yalikuwa yamepasuka na kuacha pengo jeusi. Katikati ya pengo kulikuwa na kitu kinachong'aa, kikubwa, kimetulia, kisichopepesa.

"Na ile je?" akauliza.

Kulikuwa na mlango wazi hapo. Fundi angeweza kusema: hiyo ndiyo yenyewe, mama.

"Ile ni nyota tu," akasema.

Nilisema mwanzo kwamba hakuwa mwongo. Boksi lilikuwa ujinga, na ujinga husamehewa. Lakini hapa, akiwa anaitazama Mshtarii yake mwenyewe, aliyoipenda tangu kaptura, aliyochekwa kwa ajili yake mbele ya ukoo, akaikana.

"Nyota tu? Mbona nzuri kuliko Mshtarii yako?" Mama akasogeza stuli. "Nionyeshe na hiyo."

"Lenzi imeshika umande, mama. Na kesho una safari, twende ukapumzike."

"Muonyeshe," mkewe akasema.

"Nimesema lenzi ina..."

"Ifute. Kitambaa si unacho?"

Kitambaa alikuwa nacho, kama kila siku, mfukoni mwa shati, kile laini cha kufutia miwani. Akafuta lenzi isiyokuwa na kitu. Akaligeuza bomba. Akalipitisha kando ya pengo mara mbili, ikabidi mkewe aipate yeye, akairekebisha, kisha akampisha mama.

Mama akainama.

"Haa," akasema. "Hii inakimbia."

Vidole vya msusi vikasukuma.

"Imerudi. Ina mistari na hii. Ina vitoto. Kimoja, viwili, vitatu huku. Na kimoja kule peke yake. Inakimbia tena."

Mkewe akasukuma. Alitazama kwa muda mrefu, akiacha isogee, akingoja irudishwe, kama anavyosikiliza mtu anayesimuliwa habari mara ya pili na safari hii ikiwa kamili. Mwanamke huyu alikaa sokoni maisha yake yote. Weka makopo mawili mbele yake, moja lina kilima na jingine limepunjwa kwa dole gumba, halafu uone kama hatajua. Alipoinuka hakumtazama mwanawe. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye ghorofa lisiloezekwa, ambako betri za tochi zilikuwa zinaelekea kuisha na kitone cha njano kilikuwa kinafifia kati ya nondo. Jicho lilikuwa jipya kweli.

"Na ile taa kule," akasema polepole, "nani ameisahau?"

"Ni mimi, mama."

Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila alikuwa juu ya zege la ghorofa ya tatu. Alibaki hapo hapo na mikono yake.

Mama alikaa akiikunja na kuikunjua ncha ya khanga. Fundi alingoja aitwe mwongo. Alikuwa tayari, nadhani hata alikuwa analitaka neno lile, kwa sababu safari hii lingekuwa lake halali.

"Ningengoja," mama akasema mwishoe. "Tiketi si hubadilishwa? Ungeniambia tu, mama, mawingu, ngoja kesho. Ningengoja hata mwezi."

"Niliogopa utaondoka ukiamini..."

"Nilikuwa nimeshaamini. Siku nilipokubali kupasuliwa jicho hili, unadhani nilikuwa nakuja kuangalia nini?"

Fundi alikikunja kitambaa chake mkononi. Mkewe aligeuza uso upande wa barabara. Na hapo simu ikaita.

Mama aliitazama ikiita. Kisha akaipokea, na kwa sababu hakuwahi kujifunza kuibonyeza vizuri, sauti zote zikamwagika juu ya paa.

"Dada, nimewaita," mama mdogo akasema. "Wajomba wote wapo hapa, nimeweka spika. Sema sasa, wasije wakasema nimeyatunga."

"Shikamoo dada," sauti za wanaume zikaamkia nyuma yake, na mmoja, yule yule, akasema, "Haya, tupe habari za Profesa wa Hewa."

Fundi akanyoosha mkono kuichukua simu. Alitaka kusema mwenyewe. Mama akauondoa mkono wa mwanawe taratibu, kama anavyotolewa mtoto kwenye moto.

"Nimeiona," akasema mama. "Ipo."

"Miezi minne?" akauliza mama mdogo. "Miwili huku, miwili kule, imetulia tuli, kama ulivyosema?"

Mama alimtazama mwanawe. Juu yao Mshtarii ilikuwa inaendelea na safari yake, vitatu huku na kimoja kule, bila kumsubiri mtu.

"Kama nilivyosema," akajibu.

"Kwa hiyo mtoto hakuwa mwongo."

"Hakuwa."

Kule kwenye simu wakashangilia. Mjomba yule akasema basi amekubali, dada amsalimie Profesa, na amwombee radhi. Mama akasema atamfikishia. Alipokata simu aliishika mapajani kwa mikono yote miwili.

"Kopo langu halijawahi kupungua," akasema, si kwa ukali. "Leo nimepunja ukoo mzima."

Jicho jipya likaanza kutoa machozi. Mama aliinua mkono kulifuta, akakumbuka daktari alivyomkataza kulifikicha, akaushusha. Chozi likateremka lenyewe hadi kidevuni. Fundi alikuwa na kitambaa chake mkononi, kile laini, kisichokwaruza kitu. Alisimama nacho hapo, na hakuthubutu kumfuta.